Fungu la Likawage Katika Hazina ya Afya

Msafiri atakaye kufika Likawage huiacha barabara kuu ya lami iendayo Lindi, akaupa kisogo ukanda wa minazi na misikiti ya kale, akaingia bara katika nchi ya miyombo na mipingo, ambako kijiji na kijiji hutenganishwa na msitu, na ambako makorongo yaliyo makavu wakati wa kiangazi hugeuka mito isiyovukika masika yanapoanza. Kata hii imo katika wilaya ya Kilwa, na wilaya ya Kilwa ina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 13,000, yaani inaushinda mkoa mzima wa Dar es Salaam, wenye kilomita za mraba 1,393, kwa mara tisa na ushei. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu zaidi ya milioni 5.3, na Kilwa watu wapatao laki tatu. Hesabu hizi mbili, ya ardhi na ya vichwa, ndizo asili ya maneno yote yatakayofuata, kwa sababu fedha za kuendesha huduma za afya ya umma katika nchi yetu hugawanywa kwa kufuata idadi ya vichwa kuliko kitu kingine chochote, ilhali taklifa ya kumtibu mtu wa Likawage haitokani na wingi wa majirani zake, bali na masafa yaliyolala baina yake na tabibu. Rai yangu ni kwamba masafa hayo ni sehemu ya ugonjwa, nayo yanastahili kulipiwa na Hazina kama inavyolipiwa dawa.

Insafu yataka tukiri kwanza kwamba kanuni ya vichwa haikuletwa kwa nia mbaya, bali ililetwa kuondoa dhuluma iliyokuwa kubwa zaidi. Zama za ukoloni hospitali zilijengwa palipokuwa na mabwana, bandari, reli na mashamba makubwa, na mahali pasipokuwa na kimojawapo cha hivyo paliachiwa wamisionari na waganga wa jadi. Baada ya uhuru, Profesa Richard Titmuss na wenziwe, katika taarifa yao ya mwaka 1964 juu ya huduma za afya za Tanganyika, walishauri kwamba vituo vya afya vya mashambani viwe msingi wa huduma; likafuata Azimio la Arusha mwaka 1967; na kufikia mwaka 1972 ikaamuliwa kwamba mkondo wa fedha uache kumiminikia hospitali kubwa za mijini, uelekee kwenye zahanati na vituo vya vijijini. Uamuzi huo ulijenga zahanati nyingi, na haufai kudharauliwa na mtu yeyote aliyepata chanjo yake ya kwanza kijijini. Walakini majengo yaliyokwisha kujengwa yana nguvu ya kuvuta fedha mwaka hadi mwaka, maana penye wodi kuna muuguzi, na penye muuguzi kuna mshahara, na bajeti ya mwaka mpya aghalabu huandikwa kwa kuitazama ya mwaka uliopita na kuongeza kidogo juu yake.

Basi mwaka wa fedha 2004/05 Serikali ilipoweka kanuni ya kugawa ruzuku za halmashauri, hatua hiyo ilikuwa ya uadilifu. Katika afya, asilimia 70 ya mgao ilifuata idadi ya watu. Asilimia 10 ilifuata wingi wa maskini. Asilimia 10 nyingine ilifuata vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano. Na asilimia 10 iliyobaki ilifuata urefu wa njia ambazo gari la huduma za afya hupita katika wilaya. Kanuni imerekebishwa tangu siku hizo, lakini idadi ya watu imebaki kuwa nguzo yake kuu. Mkurugenzi wa halmashauri ya pembezoni alipata, kwa mara ya kwanza, hoja iliyoandikwa, ambayo angeweza kuisimamia mbele ya mkubwa wake bila ya kuomba hisani.

Na tulitazame kwa makini lile fungu la kumi la mwisho, kwa kuwa ndilo peke yake lililokumbuka kwamba Kilwa ni pana. Lilipima njia ya gari. Halikupima njia ya mgonjwa. Gari la wilaya hupita panapopitika, na barabara ikikatika gari hukaa, na njia isiyopitwa na gari haina urefu wowote katika hesabu hiyo. Kumbe mahali gari linapokoma ndipo gharama ya mtu wa bara inapoanza kupanda. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku wa Aprili, akaambiwa na mkunga kwamba mtoto amekaa vibaya na rufaa ni lazima, hupakiwa kwenye pikipiki baina ya dereva na ndugu anayemshikilia kwa nyuma, na wakifika penye maji hushushwa, akavushwa kwa mikono au kwa machela ya miti na kanga, kisha hutafutwa chombo kingine ng'ambo ya pili, na safari ya kwenda hospitali ya wilaya ya Kinyonga, kule Kilwa Kivinje, huendelea hivyo kipande kwa kipande. Kila kipande kina nauli yake. Nauli hiyo hulipwa na mume kwa fedha ya ufuta kama ni msimu, na kama si msimu hulipwa kwa mkopo au kwa kuku na mbuzi waliouzwa kwa bei ya kutupa.

Mfumo wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022, ambao kwa simu ya bure ya namba 115 humwita dereva wa karibu na kumlipa kwa simu, umethibitisha kwamba masafa yanaweza kulipiwa na umma bila ya dunia kupinduka. Nauli ya mama mzazi imekubaliwa kuwa ni tiba. Swali lililobaki ni kwa nini nauli ya mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria, au ya mkulima aliyeumwa na nyoka shambani, iwe ni jambo la nyumbani kwake.

Wala masafa hayamgharimu mgonjwa peke yake. Zahanati yoyote ya bara hutakiwa kuwa na jokofu la chanjo, na pasipokuwa na umeme wa gridi jokofu hilo hutegemea mitambo ya jua au mtungi wa gesi. Chanjo zenyewe huchukuliwa wilayani katika kasha la baridi lenye vipande vya barafu, navyo vina muda wake maalumu, barabara iwe nzuri au mbaya. Fomu ya kuomba dawa kutoka Bohari ya Dawa hujazwa na mganga yule yule anayetibu, anayezalisha, anayefagia na anayeandika vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za huduma za afya, usiku kwa taa ya mkononi, na siku anayoipeleka wilayani, mlango wa zahanati hufungwa au huachiwa mhudumu asiyeruhusiwa kuandika dawa. Zahanati iliyo kandokando ya barabara ya lami, yenye watu idadi ile ile na kwa hivyo fungu lile lile, haitumii fedha zake kwa mambo hayo, kwa sababu mganga wake huenda asubuhi akarudi kabla ya adhuhuri. Tunapoambiwa kwamba zahanati hizi mbili zimegawiwa sawasawa, tunaambiwa kweli kwa upande wa Hazina, na si kweli kwa upande wa kabati la dawa.

Vitabu hivyo vya MTUHA vina jambo jingine linalostahili kutajwa, maana mipango yote ya wilaya hujengwa juu yake. Kitabu cha 5 humwandika mgonjwa wa nje, kitabu cha 7 humwandika mtoto, kitabu cha 12 humwandika mama aliyejifungua. Safu zake ni nyingi na nadhifu, na mwisho wa mwezi hujumlishwa. Hakuna kitabu kinachomwandika aliyekusudia kuja akashindwa. Kijiji kilicho mbali hupeleka wagonjwa wachache, hujaza kurasa chache, na asiyeijua njia hudhani kwamba watu wake wana siha njema. Kadhalika mganga aombapo dawa kwa kutazama alizotumia miezi iliyopita, asipokumbuka kuongeza kwa ajili ya siku ambazo dawa hazikuwapo, upungufu wa jana huwa ndio kipimo cha haja ya kesho.

Nakuja sasa kwenye mishahara, ambayo ndiyo sehemu kubwa kabisa ya fedha za afya zinazofika katika halmashauri. Kanuni ya mwaka 2004 ilitaka fedha zote zifuate haja, lakini iliwekwa pamoja na sharti kwamba halmashauri iliyokwisha kupata nyingi isipunguziwe, na kwa upande wa mishahara mambo yaliendelea kama yalivyokuwa: mshahara humfuata mtumishi. Palipo na watumishi kumi hupelekwa mishahara kumi. Palipo na mmoja hupelekwa mmoja. Na pale ambapo muuguzi alipangiwa, akafika, akakaa mvua moja, akahamia mjini kwa kumfuata mume au kwa kukosa nyumba, mshahara wake huondoka naye, na kijiji hakipewi badala yake hata senti. Nchi hii kwa miaka mingi imekuwa na karibu nusu tu ya watumishi wa afya wanaohitajika, na upungufu huo haukugawanywa kwa vichwa. Uliachwa uende wenyewe, ukaenda bara. Kwa hivyo mtu wa Likawage anapungukiwa mara mbili: katika fedha za uendeshaji amehesabiwa kama kichwa tu bila ya masafa yake, na katika fedha za mishahara hakuhesabiwa hata kichwa. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, uliahidi zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata, na kuta nyingi zilisimamishwa kwa matofali ya wananchi wenyewe. Na kuta husubiri kwa subira kuliko wagonjwa.

Tena hata hivyo vichwa ni vya lini? Wilaya ya Kilwa ilikuwa na watu zaidi ya 171,000 katika sensa ya mwaka 2002, na watu 190,744 katika ile ya 2012. Ukuaji wa taratibu sana, usiofika watu elfu mbili kwa mwaka. Baina ya 2012 na 2022 wakaongezeka watu kama laki moja. Sababu moja inajulikana na kila mtu wa kusini: tangu wafugaji walipoondolewa katika bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007 wakaelekezwa Lindi na Pwani, mifugo na wenyewe wameendelea kushuka, na maboma ya Wasukuma na Wamang'ati yamo leo katika misitu ambayo zamani ilijulikana kwa warina asali na wapasua mbao. Mwenye kugawa fedha baina ya sensa na sensa hana budi kutumia makisio, na makisio yaliyojengwa juu ya mwendo wa zamani hayawezi kuona watu waliokuja kwa miguu nyuma ya ng'ombe. Miaka kumi ni umri wa mtoto kutoka kunyonya hadi darasa la nne, na umri huo wote unaweza kupita fungu la zahanati likihesabiwa kwa watu wa jana.

Kilwa si mahali pageni kwa jambo hili la kugawa mali ya umma. Ibn Battuta, aliyetia nanga hapa mwaka 1331, alimkuta Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa karama zake, na akaandika kwamba sultani huyo aliitenga khumsi, yaani sehemu ya tano, ya ngawira kwa mafungu yaliyoamrishwa katika Kitabu, na kwamba fungu la masharifu aliliweka katika hazina ya peke yake, wakimjia huwapa kutoka humo. Wasomaji wengi wa habari hiyo husifu ukarimu wake. Mimi naisifu zaidi ile hazina ya peke yake. Mali hiyo ilipatikana kwa vita, nasi hatuna haja ya kuitamani. Lakini kanuni ya kuitenga ilikuwa ni ya haki, kwa sababu fungu lililotengwa kwa hukumu halingoji furaha ya mtawala, na mwenye nalo haombi, bali huchukua. Msafiri huyo huyo anaeleza kwamba al-Hasan alipofariki alirithiwa na ndugu yake, Daud, naye alipojiwa na mwenye haja humjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha kitu cha kutoa.

Jibu la Daud tumelisikia katika zama zetu. Mfuko wa Pamoja wa Afya, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya tisini kwa michango ya wahisani na Serikali, umekuwa kwa zahanati nyingi ndiyo fedha pekee ya uendeshaji inayoonekana. Vyandarua, vipimo vya haraka vya malaria na dawa ya mseto vimelipiwa kwa sehemu kubwa na Mfuko wa Dunia na mpango wa Rais wa Marekani dhidi ya malaria, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tatu za mwanzo kuchaguliwa mwaka 2005. Januari 2025 misaada ya Marekani ilisimamishwa kwa amri ya siku moja, na kliniki za nchi nyingi za Afrika, pamoja na zetu, zikaamka zikiwa na mashaka juu ya dawa na mishahara ya wahudumu. Viongozi wa Afrika walikwisha kuahidiana mjini Abuja, Aprili 2001, kwamba kila nchi itatenga asilimia 15 ya bajeti yake kwa afya. Sisi hatujaifikia. Kama tungeifikia, amri ile ya Januari ingetuudhi, lakini isingetutia khofu.

Yapo mema yaliyofanywa, na mwandishi asiyeyataja ni mwongo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo, badala ya kupitia halmashauri, na kamati ya usimamizi wa zahanati, yenye wajumbe kutoka kwa wananchi, hushiriki katika kupanga matumizi yake. Zamani zahanati iliomba mafuta ya taa na sabuni. Leo mganga mfawidhi hukaa mezani na mwenyekiti wa kamati, wakajua kiasi kilichoingia robo hii, wakakata shauri la kununua dawa iliyokosekana bohari au kutengeneza paa. Mwanakijiji aliyejua kiasi kilichoingia haongei tena kama mwombaji.

Lakini mfuko mwingine wa zahanati, yaani makusanyo yake yenyewe, hauna unene huo. Katika uchangiaji wa gharama za matibabu, ulioanza mwaka 1993, wajawazito, watoto wadogo na wazee walisamehewa, na hilo lilikuwa jambo la huruma na la haki; ila msamaha huo hulipwa na zahanati. Katika kata ya bara wengi wa wanaofika ni mama na watoto, na kila anayesamehewa hutumia glavu, dawa na karatasi bila ya mtu kurudisha thamani yake. Bima ya jamii iliyoboreshwa, iliyotozwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, iliweza kulipika Juni na Julai, minada ya ufuta inapokuwa imechangamka, wala si Februari, nyumba inapokula mihogo ikingoja mavuno. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, ambayo naiunga mkono kwa moyo wote, italipa vituo kwa wagonjwa vilivyowahudumia. Basi kituo kisichofikiwa hakitalipwa. Bima inaweza kumpa mtu wa Likawage haki ya kutibiwa Muhimbili, wala isimpe mkunga wa pili kijijini kwake. Kwa hivyo wanaodhani kwamba bima itaondoa haja ya mgao wa Hazina wanapaswa kuifikiri upya dhana yao, maana jinsi bima itakavyopanuka, ndivyo vituo vyenye wagonjwa wengi vitakavyotajirika, na vya mbali vitakavyohitaji ruzuku iliyopimwa kwa masafa.

Wengine husema Kilwa itumie mali yake. Gesi ya Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, imo katika maji ya wilaya hii, na ushuru wa huduma unaotozwa juu ya mauzo ni haki ya halmashauri kwa mujibu wa sheria ya fedha za serikali za mitaa. Kadhalika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeviwezesha vijiji kumiliki na kuvuna misitu yao, na Kilwa ni mahali pa mwanzo Afrika ambapo msitu wa kijiji ulipata, mwaka 2009, cheti cha kimataifa cha uvunaji mwema, na mpingo wake ukatakiwa na watengenezaji wa zumari za Ulaya. Fedha ya mpingo hujadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, na kijiji kikiamua kujenga nyumba ya muuguzi kwa fedha hiyo hufanya tendo tukufu. Nalipenda tendo hilo, lakini siwezi kulifanya hoja ya kuipunguzia Hazina dhima yake. Mpingo huchukua miaka mingi sana kukomaa, na soko lake hupanda na kushuka. Wala sijasikia mtu wa Kariakoo akiambiwa akate mti ili mkunga wake apate pa kulala.

Yanayotakiwa, basi, yanaweza kusemwa kwa uwazi. Kwanza, kanuni ya mgao ihesabu masafa ya mgonjwa hadi hospitali ya rufaa, pamoja na miezi ambayo njia hukatika, na iyape uzito ulio mkubwa kuliko ule wa fungu la kumi. Mafuriko ya Kilwa ya Januari 2020, na kukatika kwa barabara kuu ya kusini pale Somanga Mei 2024, baada ya mvua kubwa na Kimbunga Hidaya, hakika yamewafundisha hata watu wa barabarani maana ya kufungiwa. Pili, nafasi ya mtumishi iliyo tupu katika zahanati ya bara iwe na thamani ya fedha, kiasi kwamba kituo kisichopata muuguzi kwa mwaka mzima kipewe thamani ya mshahara huo kwa ajili ya nyumba, posho ya mazingira magumu, au mkunga wa mkataba. Tatu, makisio ya watu yasahihishwe kila mwaka kwa daftari la wakazi la kijiji, ambalo mtendaji wa kijiji anatakiwa kuwa nalo, na maboma ya wafugaji yaandikwe humo.

Mipango ya halmashauri huanza kuandikwa mwishoni mwa mwaka, na bajeti huanza kutumika Julai mosi. Kamati ya zahanati inayotaka kusikilizwa iandike mapema, na pamoja na hesabu ya dawa iandike mambo ambayo vitabu vya MTUHA havina safu yake: ni siku ngapi njia ilikatika, ni rufaa ngapi zilitolewa na ngapi zilifika, na kila nauli ilikuwa shilingi ngapi. Diwani aingie nayo barazani Kilwa Masoko, makao ya halmashauri, na Bodi ya Afya ya Halmashauri iyatie katika mpango wa wilaya, ili makabrasha yatakapofika Dodoma masafa ya Likawage yawe tayari yamepewa bei.